Kura Yangu na Pikipiki ya Baba

Mtaa wa Mierezi,
Halla Creek, Michigan.
14 Oktoba.

Mpendwa mdogo wangu Wesley,

Pokea salamu za nyumbani, ambako theluji ya kwanza imeshatuchungulia ikarudi zake. Hujambo huko Alaska? Mgongo unaendeleaje? Na wifi yangu Renata, kile kikohozi kimemwachia? Sisi huku miili ni mizima. Moyoni ndiko kuna shughuli, na ndiyo maana nimeacha simu nikashika kalamu. Kwenye simu mimi na wewe hatujui kuongea bila kukatana maneno.

Najua baba alikupigia. Najua pia ulimwambia kwamba sheria yetu ni ya kipumbavu, na ungekuwa wewe ungemwacha mzee wa watu apite. Binamu Bernice aliyasikia yote, maana baba alikuwa amekaa mgahawani kwake, na simu yake unaijua inavyopiga kelele. Sikukasirika, Wesley. Niliumia, na hayo ni mambo mawili. Hebu nikueleze yalivyokuwa, kisha uhukumu.

Tangu kiwanda cha karatasi kifungwe, wanaotuletea riziki ni wageni wanaokuja na vigari vyao vya porini na pikipiki za magurudumu manne kukimbizana kwenye njia za msituni. Njia hizo zinakomea darajani. Wakitaka mafuta au chakula lazima wapite barabara yetu kuu. Hilo lilikuwa marufuku, ila sote tulifumba macho. Kiangazi hiki wakazidi. Siku ya mazishi ya jirani yetu mama Hilja walipita mbele ya kanisa kwa kelele na vumbi, mpaka mchungaji akanyamaza katikati ya sala akawasubiri waishe. Nusu ya mji ikataka wafukuzwe kabisa. Nusu nyingine, Bernice akiwa mbele, ikasema wakifukuzwa basi na mgahawa ufungwe.

Barazani madiwani wawili walikuwa huku, wawili kule, na wote wananitazama mimi, diwani wa tano. Nikaandika njia ya katikati: wapite, lakini polepole, ukingoni mwa barabara, taa zikiwaka, na kila anayeendesha awe na leseni ya gari. Hapo kwenye leseni ndipo nilipomgusa baba. Tangu daktari wa macho amnyang'anye yake, alikuwa akienda kwa Bernice kila asubuhi na ile pikipiki yake kuukuu ya magurudumu manne, anywe kahawa na mkate wa iliki, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Kabla ya kura, Duane Lahti, polisi wetu, alinivuta pembeni.

"Lorna, lifute hilo la leseni. Wa kwanza nitakayemkamata ni mzee wako, na mimi sitaki."

"Nikilifuta kwa ajili ya baba yangu, kesho nitamkatalia nani?" nikamjibu. Nikapiga kura. Ikapita.

Wiki haikuisha, Duane akamsimamisha baba mbele ya posta. Mimi nilikuwa ndani nanunua stempu.

"Habari za asubuhi, mzee Arvo. Samahani, naomba leseni."

"Leseni yangu unajua iliko. Na baba yako unajua ni nani aliyemfundisha kuendesha trekta."

"Ni wewe, mzee. Ndiyo maana naona haya. Shuka tu, nitakusukumia mpaka nyumbani."

Baba akashuka. Aliponiona mlangoni akapaza sauti: "Mheshimiwa diwani! Umeridhika sasa? Basi njoo na pingu kabisa!" Wengine wakacheka, wengine wakatazama viatu vyao. Mimi nilisimama na stempu zangu mkononi kama mtu aliyesahau njia ya kwao.

Kuanzia hapo hakunisemesha. Jumamosi aliwasha sauna, kile chumba chetu cha kuoga mvuke, akaingia peke yake akajifungia kwa komeo. Supu niliyompelekea niliikuta ngazini, mbwa wa jirani anailamba. Bernice akajitolea kumfuata kwa gari kila asubuhi, akaambiwa, "Mimi si gunia la viazi la kupakiwa." Akaanza kukonda. Ukweli ni kwamba nilitamani kumwambia Duane afumbe macho tena. Simu niliishika, nikaiweka.

Kilichomtoa ndani ni jino. Alhamisi iliyopita lilimuuma mpaka akakubali nimpeleke kwa daktari. Alikaa garini kama abiria wa teksi, uso dirishani, hanijui simjui. Tulipofika kona ya shule ya zamani, yule binti mdogo wa rafiki yako Marvin Salo akaingia barabarani akifuata mpira wake. Nilikuwa naenda taratibu, nikasimama mbali naye. Mtoto akabaki katikati ya barabara na koti lake jekundu, anatupungia.

"Mbona umesimama?" baba akauliza.

"Kuna mtoto, baba."

"Wapi?"

"Hapo mbele yetu."

Akainama mpaka paji la uso likakaribia kioo. "Hapana mtu hapo. Unanifanyia maigizo."

Mara mtoto akaita, "Babu Arvo! Babu Arvo, mbona siku hizi hupiti?"

Sijawahi kumwona baba na uso ule, Wesley, hata siku tuliyomzika mama. Mtoto akachukua mpira wake akaenda. Mimi sikuliondoa gari. Baba akabana mikono yake katikati ya magoti, akaniuliza polepole, "Lorna, nimepita kona hii mara ngapi?"

Nilimshika mkono, naye hakuuondoa.

Usidhani tumepatana. Jino limeng'olewa, na hilo amelifanya kisingizio cha kutoongea. Pikipiki iko bandani, funguo anazo mwenyewe, wala sijamwomba. Asubuhi nasikiliza kama itawaka. Mpaka leo haijawaka, lakini sina raha.

Ninalokuomba ni hili. Atakupigia tena. Usimwambie nilikosea, wala usimwambie nilikuwa sahihi. Mwambie unakuja kabla barafu haijaziba njia, kisha uje kweli. Anahitaji walau mtoto mmoja ambaye hakupiga kura ile.

Nisalimie Renata na watoto, na mama mkwe wako. Bernice anakusalimu na anasema deni lako la matusi ya utani analitunza. Duane naye anakusalimu, maskini, siku hizi anapita nyumbani kwa baba bila sare. Mungu akulinde kazini na akufungulie njia ya kurudi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata tukigombana,

Lorna Niskala