Kwenda Kutembea

Jumanne, 5 Machi

Wamefika! Mwanangu na binti yake, Chiriku wetu. Jina nilimpa mwenyewe, maana huyo akianza kuongea ni mpaka alale. Sanduku la mtoto kubwa, la mama mtu dogo. Nikajisemea moyoni, mbona kinyume? Mtoto kanirukia shingoni, kaniambia wamekuja kutembea. Jino la mbele limeng'oka. Dakika hiyo hiyo kashaingia chumba cha kufulia, kashatumbukiza mkono kwenye beseni la maji ya buluu ya kung'arishia mashuka, mkono umebadilika rangi mpaka kiwiko.

Nyumba hii ilizoea mngurumo wa mashine tu. Tangu nistaafu udobi wa hospitali, nafua mashuka ya nyumba ya wageni ya mtaa wa nyuma. Mashuka hayaongei. Leo masikio yangu yamechoka, na moyo umechangamka.

Jumatano, 6 Machi

Kakangu kaja kunywa chai kama kawaida yake ya Jumatano. Mtaani wanamwita Redio – haitaki betri, haizimiki. Leo kapata msikilizaji. Zamani mpira tulifunga kwa matambara. Zamani mvua ikinyesha watoto wote nje. Zamani milango haikuwa na kufuli, na mtu mzima yeyote akikukuta na utundu anakuchapa, na ukifika kwenu unaongezwa. Na hatukufa! Watoto wa leo wanalelewa na simu. Chiriku macho kayatoa, anameza kila neno.

Mimi napiga pasi. Hadithi hizi nimezisikia mpaka naweza kuzisimulia kwa sauti yake. Basi mtoto akauliza, hivi hivi tu, huku anachovya mkate kwenye chai:

"Na bibi alikuwa wapi?"

Kaka akaniangalia. Katika hadithi zote zile – mpira, mvua, fimbo – mimi simo. Sikuwahi kuliona hilo. Umri wote huu!

"Bibi alikuwa kwa shangazi yetu," kaka akasema.

"Alienda kutembea?"

"Ndiyo. Alienda kutembea."

Nimeunguza shuka la watu. Alama ya pasi, ya kahawia, katikati kabisa.

Ijumaa, 8 Machi

Sasa najua habari ya masanduku.

Tulikuwa uani tunakunja mashuka, mimi na mwanangu. Shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja. Mnashika pembe, mnavuta, mnasogeleana, mnaachana. Akawa anaongea tukisogeleana, ananyamaza tukiachana. Amepata kazi nje, mbali huko, kwenye nyumba ya kulelea wazee. Mkataba wa miaka miwili. Tiketi imeshakatwa, anaondoka Jumamosi ya wiki ijayo. Mtoto abaki kwangu.

Nilicheka, sikujizuia. Yeye anakwenda kulea wazee wa watu, na mzee wake anamwachia mtoto wa kulea! Naye akacheka, kisha akalia, akajifutia shuka. Likarudi majini.

Nimekubali. Ningekataaje? Duka la dawa alimokuwa akiuza limefungwa, na baba wa mtoto ni jina tu. Nikauliza, mtoto anajua? Hajui. Na hataambiwa. Siku yenyewe mjomba wake, kakangu, atampeleka mtoto kwenye bembea, wakirudi mama ameshaondoka.

Nikasema sawa. Nimesema sawa! Mdomo ulitangulia.

Jumapili, 10 Machi

Situlii. Nimefuta kabati lililokuwa safi. Kitanda cha mtoto nimekisogeza dirishani, ukutani, dirishani tena. Nimefungua bomba nikasahau nilitaka maji ya nini. Mwanangu kaniuliza nina nini. Nikamwambia ni miguu.

Nilikuwa na umri wa huyu huyu. Shangazi yetu hakujaaliwa mtoto. Mama alinivalisha gauni la kijani, akaniambia tunakwenda kutembea. Nilifurahi mno – kupanda treni! Kesho yake shangazi akanituma kisimani pamoja na binti wa jirani. Tuliporudi, ndara za mama hazikuwepo mlangoni. Sikulia, maana sikuelewa. Nilizunguka nyumba nikitafuta zile ndara. Nyuma ya pipa, chini ya kitanda, hata kwenye banda la kuku. Nilizitafuta ndara, mama sikumtafuta.

Nikakaa pale mpaka nikaolewa.

Shangazi hakunitesa, niseme ukweli. Alinipenda, alinisomesha, nywele alinisuka mwenyewe. Lakini miaka na miaka, nikitumwa mahali nilikwenda mbio na kurudi mbio. Watu wakanisifu, eti mtoto mwepesi huyu, hana uvivu.

Jumatatu, 11 Machi

Nimejaribu. Mwanangu alikuwa anashona vifungo vya sare – kumbe shule ya hapa keshamwandikisha, kimyakimya. Nikamwambia mtoto aambiwe. Akakata uzi kwa meno.

"Nikimwambia atanishika, mama. Na akinishika sitapanda ndege."

Nikamwambia atalia hata asipoambiwa. Akasema anajua, ila hatakuwepo kumwona. Alisema hivyo bila ukali, kama mtu aliyelipima jambo akachoka nalo. Kisha akaniuliza, mbona mimi nililelewa kwa shangazi na niko salama? Si mwenyewe husema sikukosa kitu?

Kweli, nimesema. Tangu akiwa mdogo namsimulia treni, gauni la kijani, na misuko ya shangazi. Kisimani sijawahi kumfikisha. Kumbe na mimi ni redio, ila nina stesheni moja tu.

Nilitaka kumwambia palepale. Nikaokota vifungo vilivyodondoka, nikatoka.

Jumanne, 12 Machi

Mawingu. Mashuka hayakauki. Chiriku anauliza wanarudi lini kwao, maana darasani kwake zamu ya kumwagilia maua ni yake, na maua hayajui kwamba yeye yuko safarini. Mama yake kamwambia karibuni. Nikatoka kuangalia kamba. Kamba ilikuwa vilevile.

Jumatano, 13 Machi

Kaka kaja. Leo hakuwasha stesheni. Mwanangu alikuwa mjini, mtoto kalala. Kaka kaizungusha chai na kijiko mpaka ikapoa, na sukari hatumii.

"Ulipoondoka nilifurahi," akasema. "Nilipata kitanda kizima."

Ajabu, sikuudhika. Nilihisi kama mtu kafungua dirisha. Akaendelea polepole, macho kikombeni. Raha yenyewe haikudumu. Hakuna aliyemweleza kwa nini nimepelekwa mimi na si yeye, kwa hiyo akaanza kungoja zamu yake. Kila alipokuja mgeni, hasa mwenye mfuko, alikimbilia nyuma ya choo akajibanza huko mpaka mgeni aage. Akaanza kukojoa kitandani, mtoto mkubwa, akachapwa kwa hilo.

Nikamuuliza, siku zile za mpira wa matambara? Akasema hizo hizo. Mpira ulikuwepo na choo kilikuwepo. Lakini ukimsimulia mtu habari za choo, nani atakuongezea chai?

Nikamuuliza kama alimuuliza mama niko wapi. Akanitazama kama nimemuuliza kama aliwahi kuruka angani. Mtoto wa wakati ule angemuuliza mtu mzima jambo gani? Tuliamkia, tukapokea mizigo, tukatoka nje. Huo ndio wakati tunaousifu kila Jumatano!

Hakusema kama mtoto atampeleka kwenye bembea. Nami sikumuuliza. Wazee wawili wenye mvi zetu, tunayaogopa maneno.

Ijumaa, 15 Machi

Siku mbaya, na hakuna aliyegombana na mtu. Mwanangu anacheka kila kitu, kicheko cha juujuu. Chiriku kajifunza kukunja mashuka nami. Mikono mifupi, katikati shuka linaburuzika chini, tunalifua, tunaanza upya. Kasema akirudi kwao atamfundisha rafiki yake anayekaa naye dawati moja. Mama yake alikuwa dirishani. Akalifunga.

Nilimfuata chumbani. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Mama, usinivuruge." Basi nikajikuta nasaidia kukunja blauzi zake. Nguo zenyewe ni nyepesi, za nchi ya joto, na huko anakokwenda ni baridi. Hata hilo sikulisema.

Jumamosi, 16 Machi

Kaka kaja mapema na kofia yake. Mtoto keshavaa viatu. Mwanangu anawaharakisha: nendeni, nendeni jua halijawa kali. Kamkumbatia mtoto kidogo mno, kama mtu anayeenda dukani tu.

Kaka akaketi. Akavua kofia, akaiweka gotini. Akasema leo magoti yamegoma.

Mwanangu akanigeukia, akaniomba nimpeleke mimi.

"Siendi," nikasema. "Haendi mtu popote mpaka mtoto aambiwe. Na aambiwe na wewe."

"Unanifanyia hivi leo, mama?"

Leo, ndiyo. Wiki nzima nilikuwa na nafasi, nikasogeza kitanda. Nikamvuta jikoni, nikafunga mlango. Nikamsimulia kisima. Nikamsimulia ndara, pipa, na banda la kuku, na mbio zile nilizosifiwa. Maneno yalitoka yamevurugika, la mwisho likatangulia. Alinisikiliza mkono mdomoni. Alinijua siku zote, lakini leo alinitazama kama mgeni aliyebisha hodi. Alijifuta uso kwa aproni yangu nikiwa bado nimeivaa, akatoka, akamshika mtoto mkono, wakaingia chumbani.

Naandika hapa jikoni, maana mikono haina pa kwenda. Sauti ya mwanangu – ya chini, ndefu. Ya mtoto – hakuna. Chiriku kanyamaza! Sijawahi kusikia kimya cha mtoto huyu mchana.

Sasa analia. Si kile kilio cha kuumia goti. Nataka kuziba masikio, na nataka nisikie kila neno. Kaka yuko sebuleni, anaigeuzageuza kofia.

Baadaye kidogo. Mtoto alitoka, uso umevimba. Nilimfungulia mikono, hakuja. Alisimama mlangoni mwa jikoni, akaniuliza:

"Bibi, na wewe ulijua?"

Nilisema ndiyo. Aliitikia kwa kichwa, kama watu wazima wanavyofanya wakishapata bei ya kitu, akaenda zake.

Gari limefika. Mtoto ameketi kwenye kizingiti cha mlango wa mbele, katikati kabisa, mgongo kwetu. Hatoki mtu bila kumruka. Mama yake amesimama nyuma yake na mkoba begani, koti mkononi. Hamruki. Hamwambii asogee. Dereva kapiga honi, kaka kamwonyesha kiganja asubiri. Mimi naona kila kitu kutoka hapa mezani, na kalamu siiachi, maana nikiiacha nitakwenda kumbeba, na si mimi wa kumbeba leo.

Honi tena. Mtoto hageuki. Sasa amesogea kidogo, amejibana upande mmoja wa mlango – sijui anampisha mama yake apite, au anamwachia nafasi akae.