Sumu ya Mifupa katika Mguu wa Sahra

Aabo,

Assalamu alaikum huko uliko, baba yangu. Mvua imekuja tangu tukuzike, na ng'ombe wako wa Balambala wamenona hadi kaka anajisifu utadhani yeye ndiye aliyeinyesha. Nina hamu nawe, sikufichi.

Nakuandikia kuhusu mjukuu wako Sahra. Unakumbuka alivyotembea kwa ncha za vidole, visigino juu, akianguka kila mara, nawe ukimwambia kwa lafudhi yako ya Kisomali, "Bole bole tu." Daktari aliyekuja Garissa kutoka Nairobi alisema ubongo wake uliumia wakati wa kuzaliwa, ndiyo maana misuli ya mashavu ya miguu imekaza na haipumziki. Ikiachwa hivyo itafupika, na mwisho wake ni kisu cha upasuaji. Alitaka kumdunga sindano. Nikauliza dawa yenyewe inatoka wapi. Akasema ni sumu ya vijidudu vya kwenye udongo na mizoga, ile ile inayowalegeza ng'ombe wanaotafuna mifupa.

Aabo, nilimvalisha mtoto viatu nikatoka. Niliwaona tena ng'ombe wako wa ule mwaka wa ukame, wamelala, macho mazima, ulimi nje, hata kumeza hawawezi. Nikakumbuka tulivyozunguka malishoni kuokota mifupa ili uichome, nawe nyuma yetu ukisema, "Mfuba hata moja isibaki." Sumu hiyo ndiyo niiruhusu imwingie mwanangu?

Nilifika hadi langoni. Hapo nikajiuliza wewe ungefanya nini, na jibu nililijua: ungeuliza maswali mpaka mwenye mali achoke, kama ulivyokuwa ukinunua fahali. Nikarudi, nikamhoji yule daktari hadi chai yake ikapoa. Akanieleza kwamba mahali neva inapokutana na msuli, neva huachilia kemikali kidogo, na hiyo ndiyo amri ya msuli kukaza. Sumu huziba pale kemikali hiyo inapotokea, amri isifike. Kwa ng'ombe iliziba mwili mzima, hata misuli ya kupumulia. Kwa Sahra ni kiasi kidogo mno, kwenye mashavu ya miguu tu, na baada ya miezi michache neva hurudia kazi yake. Muda huo ndio wetu wa kuinyoosha miguu.

Nikasema bismillahi, nikamshika Sahra mkono akidungwa. Alilia, nami nikalia kumshinda.

Siku zikapita bila kitu, nikaanza kuikasirikia sindano. Kisha asubuhi moja nikaona nyayo zake kwenye mchanga wa uani. Zilikuwa na visigino. Nikamwita baba yake, tukasimama pale kama wajinga, hakuna aliyetaka kuzikanyaga.

Nguvu ya dawa itaisha, najua. Nakuahidi nitamnyoosha miguu asubuhi na jioni hata akininunia, na ikihitajika sindano nyingine nitampeleka bila kutoroka.

Leo, kwa mara ya kwanza, nimemtuma dukani peke yake akalete sukari. Nimekaa kukuandikia ili nisimfuate. Allah akurehemu, Aabo, akupe nuru kaburini. Nasikia viatu vyake nje, anabisha mlango. Haujafungwa. Sinyanyuki, atausukuma mwenyewe.

Binti yako