Mikono ya Nakiete Ilipofungwa

Mjukuu wangu Elinami, marahaba. Hapa Myamba tu wazima, tangawizi imestawi, na mama yako amepona mguu.

Unasema chuoni mnachunguza ubongo wa viziwi na wa wanaosikia, ukaniuliza kama lugha ya dada yangu Nakiete, aliyekuwa kiziwi, ilikuwa kichwani au mikononi tu.

Enzi za Mwingereza, akiwa ameshaolewa na kiziwi mwenzake, Nakiete aliugua homa kali akiwa kwetu. Fahamu zilimpotea, lakini mikono haikutulia. Mama yetu akadhani ni kifafa, tukaifunga kwa kanga asijiumize; ishara alizozungumza na mumewe hatukuzijua.

Mumewe alipofika kutoka kijijini kwao Maore alitusukuma, akaifungua mikono, akaitazama inavyocheza. Kisha akatuonyesha kwa ishara: kikombe, kinywa.

"Maji!" mama akasema. "Tangu asubuhi mwanangu anaomba maji!"

Alikunywa, na baadaye akapona. Baba hakuweza kumtazama mkwewe usoni, nami vilevile. Sisi huweweseka kwa mdomo. Yeye aliweweseka kwa mikono, nasi tukamnyamazisha.

Mama alianza kujifunza ishara za Nakiete akiwa na mvi. Alipokosea, Nakiete alicheka hadi machozi, lakini mama hakucheka.

Usome kwa utulivu, mwanangu.

Bibi yako, Namsifu