Baka Tuliloisingizia Korosho

Dada Somoe,

"Kukwangua mashavu ya watu wasioumwa ni anasa ya watafiti. Mwananchi akiumwa atakuja hospitali mwenyewe." Hayo yalisemwa juzi Newala, kwenye kikao cha afya, na bwana mmoja mwenye koti, na wenzake wakaitikia kwa vichwa. Nikasimama. Nikamwambia: dada yangu aliumwa, akaja mwenyewe, na tumemzika Kitangari. Akanijibu nisilete msiba kikaoni. Niupeleke wapi, dada?

Shikamoo. Nimetanguliza hasira mbele ya salamu, unanijua.

Baka lako halikuuma, na hapo ndipo hoja ya yule bwana inapokufa. Lilikaa jeupe ndani ya shavu, palepale ulipozoea kubana ugoro, na sote tukasema ni mafuta ya ganda la korosho. Mtu wa kwetu angesema nini kingine? Kila msimu yanatubabua vidole na midomo, na wewe ulipasua maganda kwa jino, kwa ubishi tu. "Korosho imenibusu," ulisema, ukacheka. Zahanati wakatazama mikono yako iliyobabuka, wakakubaliana nawe, wakakupa dawa ya kusukutua. Nami nilipokuomba uache ugoro, ulinitolea uvivu mbele ya wageni: "Wewe tafuna magazeti yako, mie niache na changu!"

Lilipoanza kuuma, lilikuwa limeshaingia kwenye taya. Mwishoni hata uji... basi.

Sasa sikia. Binti yako Zainabu naye anabana ugoro, na baka limeshatokea. Majirani wanasema nini? Korosho! Nikampakia kwenye basi hadi Masasi, ambako daktari mmoja wa utafiti alikuwa amekuja na darubini. Alimsugua ndani ya shavu kwa kijiti, bila sindano, akapaka alichokipata kwenye kioo, akakitia rangi, akatuita tuchungulie. Seli nzima ina kiini kimoja. Kadhaa za Zainabu zilikuwa na vipande vidogo pembeni ya kiini, kama makombo. Ni vinasaba vilivyovunjika, akasema. "Hiki kipimo hakisemi una saratani, mama. Kinasema shavu lako linaumizwa. Baka tutalichunguza kivyake. Ugoro uache leo, na urudi tukuangalie tena."

Zainabu akanong'ona, "Kwa hiyo siyo korosho?"

Nje akaumwaga ugoro wote barabarani, bodaboda wakimpigia honi. Mahubiri yangu yote hayajawahi kumfanya amwage hata chembe moja.

Lakini daktari amemaliza kazi yake, ameondoka na darubini. Mwanao ameambiwa arudi. Arudi kwa nani?

Pumzika, dada. Zainabu sitamwachia mkono, hata akinitukana kama wewe. Na ninaomba anitukane miaka mingi.

Na ninyi wajumbe wa kikao kile, nitawasomea barua hii usoni mtakapokaa tena. Darubini za kutazamia malaria mnazo. Wafundisheni watu wa maabara kusoma mashavu. Pelekeni vijiti na vioo kwenye maghala, watu wakishusha korosho zao, na muulize kila anayebana ugoro. Ila kabla ya hayo yote, Zainabu atakuwa amekaa pembeni yangu. Mwambieni siku gani aje, na mlango upi agonge.