Mashua Niliyoiuza Ukiwa Mwanza

Baba Rehema, mume wangu,

Hujawahi kupata barua yangu hata moja. Ulipokuwa Mwanza kila siku nilisema nitaandika, na kila mara nikaishia kumtuma mtu akuambie hatujambo. Leo naandika, tena mbele ya watu, kwa sababu ulivunjiwa heshima mbele ya watu.

Unakumbuka siku uliyonipeleka Kigoma kuiona ile mashua? Uhuru ulikuwa bado mchanga. Yule daktari wa Kizungu alikuwa anafunga mizigo arudi kwao, na mashua yake ya tanga ilikuwa imelala ufukweni, rangi imebabuka. Haikuwa ya kuvulia samaki. Ndani ilikuwa na vitanda viwili vyembamba, jiko dogo la mafuta, na kabati lisilofungika. Mimi niliona jeneza. Wewe, fundi wa karakana ya reli, ulivua viatu, ukapanda, ukaanza kugonga mbao moja moja kwa kifundo cha kidole huku umetega sikio. Kisha ukachoma kisu chini kabisa, mahali maji yalipokuwa yametuama. Kisu kikazama.

"Hapa pameoza, daktari."

"Ni mahali pamoja tu," akajibu.

"Mbao huanza kuoza mahali pamoja, halafu huambiana."

Mzungu akacheka, akapunguza bei, akakuandikia karatasi ya mauzo palepale juu ya goti lake. Kwenye treni ya kurudi Tabora nilikuuliza, "Mnyamwezi na mashua wapi na wapi?" Ukanieleza habari za babu yako, jinsi alivyotembea na msafara mpaka Ujiji, pembe ya ndovu begani, akafika majini, akatua mzigo, akaambiwa geuka urudi. Alikwenda mara tatu. Hakuvuka hata mara moja. Ulisema wewe utavuka, na sisi tutakuwa ndani.

Likizo zako zote zikaishia kule. Uliitoa mbao mbovu, ukaziba nyufa kwa pamba na lami, ukashona tanga kwa mikono yako. Nilikuletea chakula ufukweni, na nisiseme uongo, nilikuwa na furaha. Ulikuwa unaimba ukifanya kazi. Nyumbani hukuwa unaimba.

Halafu ikaja siku ya upepo. Rehema alikuwa na miaka sita. Tulikuwa mbali na nchi kavu mashua ilipolala upande, maji yakaingia, mtoto akateleza nikamdaka kwa gauni. Nililia nikisema, "Turudi! Baba Rehema, turudi!" Wewe ukapiga kelele kwamba mashua hii haizami, ukaendelea kushika usukani. Kweli haikuzama. Lakini tangu siku hiyo nilikuwa nikiamka nimekunja ngumi, nimeshika kitambaa ambacho hakipo. Nilikuambia sitapanda tena. Ukasema nitazoea.

Kazi ilipokupeleka Mwanza miezi mitano, akaja mfanyabiashara wa dagaa kutoka Kigoma. Aliisikia habari ya mashua, akafunga safari mpaka mlangoni kwetu Gongoni, hapa Tabora. Alitaka kuing'oa mlingoti na kuifunga injini. Sikumwambia ngoja mwenyewe arudi. Niliingia ndani, nikafungua sanduku lako, nikatoa karatasi ya daktari, nikampa, nikapokea pesa zake. Sikutetemeka. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi hadi leo, kwamba mikono yangu ilikuwa imetulia.

Uliporudi ulikuta nyumba imeezekwa bati jipya. Nikakuambia ni kaka yangu wa Sikonge, ameuza asali vizuri. Ukashukuru. Kisha ukauliza kama kuna habari yoyote ya mashua.

Siku zile watu walikuwa wanahamia vijiji vya ujamaa, na wewe ulikuwa balozi wetu wa nyumba kumi, mtu wa kuamini kila neno la mkutanoni. Nami nilijua nikutegee wapi. Nikasema wamekuja watu wa kijiji kipya huko kando ya ziwa, hawana chombo cha kuvulia, wameiomba, nami nikaona aibu kuwanyima. Nikataja jina la kijiji lililonijia mdomoni.

Ulikaa chini kwenye kizingiti. Nikangoja unipige, ingawa hukuwahi kunipiga. Ukasema taratibu, "Kama imekwenda kwa wananchi, haikupotea."

Watu wakasikia. Mwenyekiti wa mtaa wetu akakutaja mkutanoni kama mfano wa kuigwa. Wewe kila jioni baada ya kazi ukawa unashona tanga jipya, kwa sababu uliona la zamani lisingefaa kwa uvuvi. Mwaka mzima nilikuona ukishona, Baba Rehema, na mwaka mzima nilikuletea chai.

Ulikwenda nalo mwenyewe, kwa treni na kisha kwa miguu. Uliporudi siku ya tano hukuwa na tanga, na viatu vyako vilikuwa vimejaa vumbi jekundu. Nilikuuliza, "Umewakuta?"

"Nimewakuta. Watu wema. Wamepokea tanga." Ukanywa maji. "Lakini kijiji kile hakina mashua yangu, Mama Rehema. Hawajawahi kuiona."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Ulinipa nafasi, ulikaa na kata ya maji mkononi muda mrefu. Mimi nikasema, "Labda wameipeleka kijiji kingine." Ukatikisa kichwa, ukainua macho ukalitazama bati, ukaenda kuswali alasiri.

Jumapili iliyofuata mwenyekiti akakusimamisha tena ili watu wakupigie makofi. Mimi nilikuwa nimekaa na wanawake, nimejifunika kanga. Hukuyapokea makofi yale.

"Ndugu zangu, mashua ile haikufika kijijini," ulisema. "Iliuzwa. Bati mnaloliona kwangu limetoka humo. Mwenye makosa ni mimi."

Kisha mtu mmoja nyuma akaita, "Bepari!" na wengine wakadakia. Ubalozi wakakunyang'anya siku ile ile. Wanawake wakageuka kunitazama kwa huruma, wakinionea uchungu kwa kuolewa na mwongo. Bi Tatu, jirani yetu, alinishika mkono. Nikauacha mkono wangu aushike.

Mwanzoni niliogopa talaka. Baadaye niliogopa aibu. Mwisho sikujua tena naogopa nini, nikawa tu mtu asiyesema. Bombani walipokusengenya nilijaza ndoo yangu, nikajitwisha, nikaondoka.

Ulipougua, nilijaribu. Nilikuwa nakulisha uji nikasema, "Baba Rehema, ile mashua..."

Ukaniwekea kidole mdomoni. "Acha. Siku ile ya upepo nilikusikia ukilia, nikaendelea. Ningegeuza, usingeiuza."

Uji ukanimwagikia. Ukacheka kidogo, ukaomba mwingine. Baada ya wiki mbili tukakuzika.

Kwa hiyo ulinisamehe, tena ukajitwika na sehemu yangu. Lakini msamaha ule tuliusikia mimi na wewe tu, wakati jina la mwongo lilisikiwa na mtaa mzima, na ukaenda nalo kaburini. Mwezi uliopita nilimweleza Rehema kila kitu. Akasimama, akachukua mkoba wake, akaondoka bila kuaga. Wiki tatu hakukanyaga hapa. Aliporudi aliniwekea daftari na kalamu mezani, akasema, "Baba hakuwa mwongo, mama. Andika hivyo."

Ndiyo nimeandika. Ijumaa, baada ya khitma yako, Rehema ataisoma barua hii kwa sauti barazani petu. Mwenyekiti wa zamani bado yu hai, nimemwalika. Bi Tatu naye nimemwalika. Sijui wataninyooshea kidole au watanihurumia, na safari hii sistahili kuhurumiwa. Ninaogopa, mume wangu, kuliko nilivyoogopa ziwani.

Lala salama. Mungu akupe nafasi pana huko uliko, na anipe mimi miguu ya kusimama hadi neno la mwisho lisomwe.

Aliyeiuza mashua ni mimi,
mkeo, Mama Rehema.