Vidonge Vilivyobaki Kabatini

Nyumbani, nyuma ya bucha,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa Wifi,

Hujambo wewe, na baridi ya huko imekuachia kiuno? Mumeo naye, bado anakoroma hadi majirani wanalalamika? Sisi hatujambo, kwa kusema tu. Unanijua: nikirefusha salamu, nyuma kuna jambo.

Lile tumbo la kaka yako lilipigwa picha. Ni minyoo ya ini. Daktari anasema tuliimeza na ile mboga ya majini tuliyokuwa tukiitafuna mbichi, na mimi pia nilikuwa nayo. Hebu fikiria, mchinjaji aliyepasua maini ya ng'ombe miaka yote hii, akiwaonyesha wateja wadudu wale bapa kama majani! Kweli mganga hajigangi.

Dawa yake ni vidonge vichache tu, ila vilichelewa kuletwa. Kusubiri kukamshinda, akanywa kwa siri chupa ya dawa ya ng'ombe. Daktari wa mifugo aliposikia alikuja mbio, akasema ile ilikuwa ya minyoo mingine kabisa. Kaka yako alitapika hadi akaishiwa nguvu.

Sasa vidonge vimefika. Mimi nilimeza vyangu baada ya kula. Tumbo lilinisokota vibaya, maana minyoo ikifa haitoki kwa adabu, kisha likatulia. Leo nabeba ndoo zangu kama zamani.

Vyake viko kabatini, hajavigusa. Macho yamekuwa ya manjano, na mkono hautoki kwenye mbavu za kulia. Nimembembeleza, nimenuna, nimelia. Alinijibu mara moja tu, kwa upole ulionitisha:

"Mke wangu, maini kama hili langu nilikuwa nawatupia mbwa. Sijaona hata moja lililopona."

Wifi, naogopa. Sikio la kufa halisikii dawa, na msemo huo sitaki kuusikia mlangoni kwangu. Wewe ndiye uliyemlea, hajawahi kukukatalia neno. Mpigie simu. Mwambie ini la ng'ombe hutazamwa ng'ombe akishakufa. Yeye bado yu hai.

Mama anakusalimu, tumemwambia ni homa. Wabusu watoto, uwaambie mjomba wao anawakumbuka. Mungu akulinde huko ugenini, na sisi atuangalie humu ndani.

Akupendaye daima, yule yule mwenye mdomo,
Mke wa kaka yako.

N.B. Jana aligawa visu vyake vyote. Hata kile cha marehemu baba yenu. Usingoje jioni.