Kwa Ba Hawakuwasha Moto

Mama,

Shikamoo. Nimerudi Matiri. Nilipanda lori la mfanyabiashara kutoka Mbinga mjini, limebeba mbolea na sabuni, na kwa matope ya mwezi huu tulishuka kulisukuma mara kadhaa. Nilifika nyumbani nimechafuka mpaka kiunoni. Walikuwa wananisubiri uani. Ulinifundisha mwenyewe kwamba mtu akirudi na kukuta mzazi alishazikwa, anaanza kulia tangu njia panda, ili kaburi limsikie kabla watu hawajamwona. Mimi nilikuja nikitembea. Nilitua begi, nikasema hodi, nikamwamkia shangazi Leokadia. Hakuitikia. Alinitazama usoni, akitafuta kitu.

Baba alitoka kwenye mibuni na panga mkononi. Alisema, "Umekonda," kisha akachukua begi akaingiza ndani. Tangu hapo hatujasema mengi.

Kaburi lako nimeliona. Kaka Kosmas amelijengea vizuri, na msalaba ameupaka rangi nyeupe. Nilipiga magoti, nikasali nilichokumbuka, nikasimama. Magoti yalikuwa na udongo, nikaupangusa. Ndivyo ilivyokuwa, Mama. Sina namna nyingine ya kukueleza.

Nataka nikusimulie nilivyozipata habari zako. Hapa nimejaribu mara moja tu, na mambo hayakuisha vizuri. Lakini nianze nyuma kidogo, maana safari ya Uhindi ulinisindikiza ukijua naenda kujifunza ufundi wa pampu za visima, hukujua naenda kuishi na watu gani. Mimi pia sikujua.

Walionipokea ni Wahindu, katika mji mdogo wa Gujarat. Mwenye nyumba ni mama mjane wanayemwita Ba. Kwao "ba" ni mama. Anakaa na mwanawe Harish, mwalimu wa hesabu, na mke wa Harish, Manjula, ambaye ni rika langu. Mimi waliniita Edithaben, yaani dada Editha. Viatu vinaachwa mlangoni. Jikoni huingii hivi hivi, lazima uwe umeoga, na ukiwa kwenye siku zako huingii kabisa. Pembeni ya jiko kuna chumba kidogo cha miungu yao, na kila asubuhi Ba anapiga kengele, anawasha utambi, anaimba kwa sauti iliyokwaruzika. Majuma ya kwanza nilikuwa nafanya ishara ya msalaba chini ya shuka nikiisikia ile kengele. Sikuogopa kitu maalumu. Nilihisi tu kama nimekaa kanisani kwa watu nikiwa sijaalikwa.

Lugha ilinisaidia kidogo. Siku ya pili Ba alinionyesha sabuni akasema "sabu". Chai ni chai. Dawa wanaita "dava". Harish aliponiambia "duniya" nikajibu "dunia", Ba alipiga makofi kama nimefaulu mtihani.

Halafu wakafungua begi langu kunisaidia kupanga nguo, wakakutana na usipa wako, wale dagaa wa ziwani. Unakumbuka ulivyoshuka Mbamba Bay kuufuata mwenyewe, ukaufunga kwa magazeti, ukasema, "Ukishindwa chakula chao, tafuna hata mkavu." Mama, watu wale hawali nyama, hawali samaki, hawali yai. Manjula alikimbilia nje na upande wa sari puani. Ba aliosha sakafu yote kwa maji na majivu. Hakunigombeza. Alichukua debe lenye mfuniko, akalisukuma kwangu kwa kidole, akanyoosha mkono kuelekea karakana yetu ya pampu. Nikaupeleka huko. Kumbe mwenzetu mmoja wa mafunzo alitokea Bengali, na Wabengali ni watu wa samaki kama Wanyasa. Alipofunua lile debe aliinamisha pua ndani. Kisha akaomba anuse tena. Tuliumaliza pamoja, tukiukaanga kwa pilipili nyuma ya karakana.

Nilikuandikia hayo, ukamtuma Kosmas aandike majibu: "Kwa watu kula cha watu. Na huyo mama mwambie nimemwamkia, na asinichukie kwa ajili ya usipa." Nilimtafsiria Ba kupitia Harish. Alicheka mpaka akashika nguzo. Tangu siku hiyo, kila jioni tukichambua mboga aliuliza, "Ba yako hajambo?" Nami nikajibu hajambo. Niliendelea kujibu hajambo hata siku ambazo ulikuwa tayari umelala chini, kwa sababu barua na simu za upepo, zile za redio, zinapita mikono mingi kutoka Mbinga mpaka kule.

Ilikuwa mchana, mvua zao zimeanza. Nilikuwa barazani nakata vipande vya ngozi vya kuziba ndani ya pampu. Harish akaja na msimamizi wetu wa mafunzo, wakati si saa yake ya kutoka shuleni. Hawakunisemesha. Waliingia ndani kwa Ba. Nikasikia wanaongea chini chini, kisha Ba akatoka, akaninyang'anya kisu taratibu, akasema neno nililolijua: oga.

Nikasema nimeshaoga asubuhi. Akasema tena, oga. Manjula alikuwa anachota maji kwenye pipa na machozi yanamtoka. Walinimwagia maji ya baridi kichwani nikiwa na nguo zangu zote. Ndipo Harish akasema kwa Kiingereza, akiwa amesimama mbali na uso ameugeuza, kwamba mama yangu amefariki kwa vichomi, hospitali, na ameshazikwa.

Nilisikia. Nilikuwa natazama maji yanavyokimbilia kwenye mfereji, yamebeba vipande vya ngozi nilivyokuwa nimevikata. Nikawaza, vile vipande vitaziba mfereji.

Kisha Ba naye akajimwagia maji. Na Manjula. Na Harish akaenda kuoga upande wa pili. Baadaye sana Manjula alinieleza: kwao mtu anaoga hivyo akisikia ndugu yake amekufa. Nikamuuliza, "Na akifa mama wa mgeni?" Akanijibu, "Kwa mgeni hatuogi."

Siku ile jiko halikuwashwa. Majirani walileta chakula, wali uliopikwa pamoja na choroko, hauna hata kitunguu. Wanawake wa mtaa walikuja, wakaketi chini kwenye magodoro, wakalia. Mama, walikulilia hasa, kwa sauti, wengine wakijipiga kifua, watu ambao hata ramani ya Tanzania hawaijui. Mimi nilikaa katikati yao mkavu kama kuni. Mmoja aliniinamisha kichwa mapajani mwake ili nilie. Nililala pale kwa adabu tu, nikisubiri aniachie.

Msimamizi alisema naweza kurudi nyumbani, lakini nikirudi mafunzo yatakuwa yamekwisha kwangu. Baba alikuwa ameagiza kwenye simu ileile ya upepo iliyoleta habari: "Maliza." Nikabaki. Asubuhi nilikwenda karakana, jioni nilirudi. Siku moja mkono wa pampu ulinibana kidole, ukucha ukang'oka. Niliutazama ule ukucha. Niliona damu, nikajua ni yangu, lakini maumivu yalikuwa kama ya mtu wa nyumba ya jirani. Mbengali ndiye aliyepiga kelele. Ba alinifunga kidole kwa unga wa manjano, akakishika kwenye kiganja chake mpaka chai ikapoa. Hakuuliza tena jioni kama hujambo. Alichambua mboga, nami nikachambua.

Siku za msiba zilipokaribia kuisha, alinichukua mtoni. Mto ulikuwa umejaa, maji ya rangi ya udongo kama Ruhuhu wakati wa masika. Alikuwa na chombo cha shaba chenye maji, maziwa kidogo na ufuta mweusi. Nilielewa anachotaka kufanya, nikasita. Nilimwonyesha rozari yangu. Akaitazama, akatikisa kichwa kwa namna yao, ile ambayo hujui kama ni ndiyo au siyo, kisha akakunja vidole vyangu juu ya rozari, nishike vizuri. Mkono wa pili akaniwekea chombo. Akasema, "Taja jina lake."

Mama, mimi sijawahi kukutaja jina. Hata shuleni mwalimu alipouliza jina la mama, nilimnong'oneza Kosmas aseme yeye. Nilisimama pale na maji yananipiga miguuni, nikashindwa. Ba akasubiri. Watu wengine walikuja, wakamwaga yao, wakaenda. Nikasema, "Sabina." Akarudia, "Sabina," kwa ulimi wao, akivuta mwisho. Nikamimina. Kisha nikasali Salamu Maria mpaka mwisho, kwa Kiswahili, kwa sauti, na yeye akasimama kando yangu kichwa amekifunika.

Haya ndiyo niliyoyasimulia hapa, jioni ya pili baada ya kufika, tukila. Shangazi aliweka tonge chini. "Umemwita mama yako kwa jina," alisema, "ukamtambikia kwa miungu ya Wahindi, kwenye maji yao? Sabina aliyefundisha watoto komunyo?" Akasimama. "Ndiyo maana hulii. Wamekufunga huko." Akasema kwenye misa ya kukuombea nisikae benchi la familia.

Sikukasirika, Mama. Ningetaka kukasirika. Nilinawa mikono.

Kesho yake waliitisha kikao. Shangazi alieleza yote, hakuongeza chumvi, lazima nimtendee haki. Wazee wakaguna. Kosmas alianza kunitetea, baba akamzuia kwa mkono. Unamjua baba, maneno yake anayapima kama mbegu. Kisha akasema:

"Siku tunamzika Sabina, lori la mnunuzi wa kahawa lilikuwa limeingia kijijini."

Watu wakainamisha vichwa. Sikujua habari hii, hakuna aliyeniandikia. Siku hizi, Mama, si chama cha ushirika peke yake kinachonunua. Wanakuja watu binafsi na mizani zao, wanapanda mpaka huku juu, na wasipokukuta wanageuza kwenda Namswea. Hakuna anayejua kama watarudi.

Baba akaendelea, polepole: "Padri alikuwa bado anasoma. Tukasikia honi. Wakaondoka mmoja mmoja, kwa nyuma. Mimi sikugeuka, lakini nyayo nilizisikia. Kaburi tulilifukia watu wa kuhesabika. Simlaumu mtu. Kahawa ndiyo ada ya watoto." Akamtazama dada yake. "Leokadia, mume wako na yeye alikwenda. Na ng'ambo ya bahari kuna nyumba ambayo hawakuwasha moto kwa ajili ya mke wangu. Hawajawahi kumwona. Nieleze basi, hapo ndugu ni nani?"

Shangazi alijifunika kanga usoni, na mabega yake yakaanza kutikisika. Wanawake wengine wakalia naye. Kikao kikaishia hapo, bila azimio. Mimi nilikuwa naangalia mikono ya baba. Imezeeka.

Asubuhi iliyofuata shangazi alinikuta nafagia. Alichukua fagio la pili, akafagia upande wake. Baada ya muda akauliza bila kuinua kichwa, "Huyo Ba, ana mume?"

"Alikufa."

"Ana wajukuu?"

"Bado. Manjula hajapata. Wanamsema sana kwa hilo."

Akafagia tena. "Mwandikie. Mwambie tumepokea. Na huyo mkwewe nitamwombea, lakini usiwaambie ninamwomba nani." Jumapili, kwenye misa yako, alinishika kiwiko akanivuta benchi la familia, akanikalisha kati yake na baba. Kosmas alisoma maombi. Shangazi alikuwa amemwongezea moja kwa mdomo pale mlangoni, naye Kosmas akalitaja mwishoni: "Na kwa mama mmoja wa mbali, aliyekaa matanga yetu." Kanisa zima likaitikia.

Basi, Mama, hizo ndizo habari. Kesho nashuka ziwani. Kuna vijiji kule, kusini mwa Mbamba Bay, visima vilichimbwa na pampu zimekufa, watu wamerudi kunywa maji ya ziwa, na kuhara kumeanza. Wanawake watatu wamekubali kujifunza nami. Mmoja ni Mwanglikana, mke wa mvuvi, ameshaniambia ana mikono mizito lakini ana hasira za kutosha.

Machozi bado hayajaja. Shangazi anasema yatakuja yenyewe, yakichelewa ni kwa sababu yanatoka mbali. Sijui. Naamka, nanawa uso, nakunywa uji, naona siku imekwisha. Nimekwambia kama ilivyo, maana kukudanganya wewe sijawahi kuweza.

Pumzika kwa amani, Mama. Mwezi wa tatu, majani yakishafyekwa, nitapanda huku juu nichimbe ngoro, vile vishimo vya kuzuia udongo usisombwe, upande ule wa mteremko uliokuwa wako, baba asiubebe peke yake. Nikilia, nitalia shambani. Nisipolia, nitalima.

Mwanao,
Editha